Bamba Lililosubiri Chokaa

Asubuhi ya siku tuliyopanga kumtunuku Mama Mwenyekiti, nilimkuta amechuchumaa mbele ya nyumba kongwe kuliko zote mtaani mwetu, akitazama karai la saruji ambalo fundi kijana alikuwa ameanza kulikoroga. Bamba la jiwe lenye jina lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, likingoja kupachikwa kabla wageni hawajafika. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya sherehe, na saruji ile ilikuwa imenunuliwa kwa idhini yangu.

Hakupaza sauti. Alimwambia yule kijana, "Mwanangu, ukuta huu haujawahi kupakwa saruji. Tafadhali usianze leo, tena kwa jina langu."

Nilijua vema alichokuwa akikisema, kwa sababu miaka kadhaa kabla ya hapo ni yeye aliyenionyesha, kwa kidole chake mwenyewe, jinsi kuta za zamani zinavyokufa. Saruji ya kisasa ilisajiliwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1824, na nyumba zilizojengwa kabla haijaenea zilishikamanishwa kwa chokaa, ambayo ni laini na hupitisha unyevu, hata maji yanayoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na jiwe huanza kumomonyoka pasipo mtu kuona. Kwa macho nyumba imetengenezwa, kumbe inaoza. Nusu ya nyumba tulizodhani zimefikia mwisho wake zilikuwa zimeharibiwa na matengenezo ya aina hiyo, na Mama alisimamia kubanduliwa kwa plasta hiyo nyumba kwa nyumba, kwa subira ambayo wengi wetu hatukuwa nayo.

Hata hivyo, naamini kazi yake kubwa zaidi haikuwa ya mawe. Siku moja nilimsomea ibara ya 5 ya Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa wahifadhi wa majengo, isemayo kwamba kuhifadhi majengo ya kale hurahisishwa daima yanapotumika kwa manufaa ya jamii. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kuna ibara inayomtaja mpangaji. Haikuwepo. Ndiyo maana hakuruhusu jukwaa la mafundi lisimamishwe kwenye nyumba yoyote kabla hajawakutanisha mwenye nyumba na wapangaji wake, wakatia saini karatasi kwamba kazi ikiisha familia zile zile zitarudi kwa kodi ile ile. Vikao vingine vilichukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe. Mitaa mingi ya kihistoria imependezeshwa na kuachwa bila wenyeji wake, kwa kuwa uzuri hupandisha kodi. Wetu haukufikia hapo, na sina shaka kwamba ni kwa ajili yake.

Sherehe ilichelewa. Vijana wawili walitumwa kuleta chokaa kutoka kwenye pipa alilokuwa akilitunza uani, iliyokuwa imelowekwa majini kwa miezi mingi, na wageni wakaketi kungoja huku fundi akisafisha tundu na kulilowesha kwa maji. Mama alimwelekeza kwa maneno machache, akamwachia kazi. Niliposimama kusoma hotuba, nililazimika kuruka sentensi iliyosema kwamba bamba limekwisha kupachikwa, kwa maana lilikuwa bado limetegemezwa kwa vipande viwili vya mbao, na nyuma yake chokaa ingali mbichi. Nilisoma badala yake majina ya familia zilizorudi. Yeye alikuwa ameketi safu ya pili, kati ya wapangaji, na kila jina lilipotajwa aligeuka kumtafuta mwenyewe kwa macho.

Chokaa huganda polepole kwa kuvuta hewa, na ikikauka haraka hupasuka. Kwa hiyo tulifunika bamba kwa gunia bichi, jina lake likiwa chini yake, na kwa siku kadhaa zilizofuata nilikwenda kila asubuhi kulilowesha. Kila nilipofika nilimkuta ametangulia, na kopo la maji mkononi.