Neno "wanamgambo" na shahada yangu ya uzamili

Nilipoondoka Dar es Salaam kwenda London kusomea shahada ya uzamili ya vyombo vya habari na mawasiliano ya kimataifa, nilikuwa nimekaa miaka sita kwenye dawati la habari za nje la redio, na kusema kweli nilidhani masomo yangenithibitishia tu yale niliyokwisha kuyajua kazini. Shahada hiyo huko Uingereza huchukua mwaka mmoja, wenye mihadhara na semina hadi karibu na kiangazi, kisha tasnifu. Habari za baridi na nauli za treni wameshaziandika wengine.

Semina iliyonishika ilikuwa ya historia. Mwaka 1870 mashirika matatu, Reuters la London, Havas la Paris na Wolff la Berlin, yaligawana dunia kwa mkataba, kila moja likawa na eneo lake la kukusanya na kuuza habari. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Zanzibar. Karne moja baadaye, nchi changa zilipodai kwamba habari zinatiririka kwa upande mmoja tu, UNESCO iliunda tume ya watu 16 chini ya Seán MacBride wa Ireland, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1980. Mjadala ule ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya Marekani ijitoe UNESCO mwishoni mwa mwaka 1984, na Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye. Wenzangu darasani waliyapokea hayo kama mambo ya kale, lakini mimi nilikumbuka wazee wa chumba chetu cha habari, ambao walikuwa bado wakiitaja Shihata, shirika la habari la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1976, kama mtu anavyomtaja ndugu aliyefariki.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya kazi yangu mwenyewe. Zamu ya usiku ilikuwa hivi: habari za mashirika zinaingia kwa Kiingereza, nami ninazitafsiri mbio mbio ili taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi iwe tayari. Kila nilipokutana na watu wenye silaha wasio wa serikali, wawe wa Somalia au wa mashariki ya Kongo, niliandika "wanamgambo", kwa sababu ndivyo nilivyolikuta neno hilo likitumika. Lakini kwetu Tanzania mgambo ni mtu wa serikali: amepata mafunzo ya kijeshi kijijini au mtaani kwake, na mara nyingi ndiye anayetumwa na halmashauri kuwafukuza machinga. Msikilizaji mmoja alipata kutupigia simu akiuliza, kwa utulivu kabisa, ni halmashauri gani iliyowatuma hao wanamgambo waliolipua hoteli. Tulicheka sana. Sasa naona kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameisikiliza habari ile kwa Kiswahili. (Na hata methali inasema la mgambo likilia kuna jambo: mgambo wa zamani ni mbiu ya kuwaita watu.)

Nikaamua tasnifu yangu iwe juu ya neno hilo moja. Msimamizi wangu, asiyejua Kiswahili, aliuliza swali ambalo sikulitarajia: kama si hilo, ungeandika lipi? "Waasi" linataka serikali inayoasiwa, na mpaka wanaovuka unalivuruga. "Magaidi" ni hukumu inayotolewa kabla ya kesi. "Wapiganaji" linawapa heshima ambayo wenye maiti ndani ya nyumba zao hawataikubali. Katika rasimu ya tatu nimeacha kutafuta neno la jumla, nikaandika jina la kundi na kitendo lilichofanya. Sentensi zimerefuka, na mhariri wangu wa zamani, niliyemtumia kurasa mbili, amejibu kwamba habari ya sekunde 30 haina nafasi hiyo.