Bei ya korosho tunaisikia wote, ya gesi je?

Wiki mbili nyuma nlikuwa Tandahimba kwa mjomba, tumekaa chini ya mwembe pale chama cha msingi tunasubiri bei ya korosho. Mnaojua mnajua. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao wa TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania, lakini bado bei zinasomwa mbele za watu, mnunuzi huyu kaweka ngapi, yule anataka tani ngapi, halafu wakulima wenyewe mnasema tunauza au hatuuzi. Mjomba alikuwa ananung'unika hatari, makato mengi, usafiri, ghala, ushuru wa halmashauri, ila nkagundua ananung'unika kwa hesabu kabisa, anajua kila shilingi imeenda wapi sababu mjengeko wa bei anao kichwani, ukimdanganya hata shilingi kumi anakushika.

Sa mi nimekaa pale akili ikanipeleka kwenye gesi.

Wengine mlikuwa wadogo ngoja niwakumbushe. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana hapa Mtwara, umati mkubwa sijawahi kuona tena, wimbo mmoja tu, gesi haitoki. Januari vurugu zikawaka, Masasi nako kukachafuka. Halafu tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya nishati inasomwa Dodoma, kumbe msimamo ni uleule, bomba la gesi linaenda Dar, basi mji ukalipuka. Nlikuwa sekondari, tulijifungia ndani Magomeni ya hapahapa Mtwara siku nzima maji yameisha na hakuna wa kutoka kwenda kuchota, nje mabomu ya machozi tu, baadae tukaona wanajeshi wanapita. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Na bomba likajengwa hivohivo, kilomita kama 540 hivi mpaka Dar, likazinduliwa Oktoba 2015.

Huko kwingine tukaitwa wabinafsi, eti watu wa kusini wanataka kula gesi peke yao (sa gesi unailaje peke yako, unaipakia kwenye kapu?). Mi naona shida haikuwa bomba. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, watu wa Msimbati, kijiji cha palepale, wamekaa nayo miaka thelathini wanasikia kiwanda kinakuja, umeme mkubwa utazalishwa hapahapa, vijana kaeni mkao wa kula, halafu siku moja wanasikia kwenye redio kwamba mpango ni mwingine. Hakuna aliyekuja kukaa nao chini ya mwembe akawasomea hesabu. Na huku tuna kumbukumbu mbaya, bibi yangu mpaka anakufa alikuwa anasimulia reli ya Nachingwea, Waingereza waliileta kwa ajili ya karanga, karanga zikagoma, na miaka ya sitini mwanzoni reli nayo ikang'olewa. Ukishaona reli inang'olewa unakuwa mgumu kuamini ahadi.

Na sio wananchi tu waliofichwa. 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliomba mikataba 26 ya gesi, haikupewa, mpaka mwenyekiti akaamuru vigogo wa shirika la petroli wakamatwe na polisi. Kama mbunge ananyimwa, mvuvi wa Msimbati aanzie wapi? Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya uwazi, inasema kabisa mikataba iwekwe hadharani. Mi natafutaga kila nikipata bando, sijawahi kukutana nayo.

Sasa msije mkasema korosho yenyewe haina fujo. Aprili ya mwaka huohuo 2013 Liwale nyumba zilichomwa, na chanzo kilikuwa malipo ya pili ya korosho (enzi hizo zililipwa kwa awamu) kuja pungufu na watu walivotegemea. Lakini angalia 2018, wanunuzi walikuja na bei za chini, wakulima wakasikia, wakasema hatuuzi, wakarudi nyumbani. Basi. Baadae serikali ikaingia na 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba korosho, hiyo stori ina machungu yake siku nyingine, ila siku ile ya kukataa hakuna aliyeokota jiwe, sababu bei waliisikia kwa masikio yao na jibu walilitoa wao.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, nako ni ndugu zetu, Wamakonde na Wamakua walewale. Mkoa wao wa Cabo Delgado wana gesi, wana rubi za Montepuez, na toka Oktoba 2017 wanachinjana. Sisemi gesi ndo imeleta vita, kuna mambo ya dini, kuna umaskini, kuna magendo, ila kijana aliyeona machimbo yanazungushiwa uzio na yeye anafukuzwa, akija mtu na bunduki na maneno matamu hahitaji kubembelezwa sana. Oktoba 2020 wapiganaji wa huko wakavuka wakaja kuua Kitaya, upande wetu huku Mtwara. Machi 2021 wakaingia Palma, mradi wa gesi wa mabilioni ya dola ukasimama na Wafaransa waliokuwa wanauendesha wakaondoka.

Haya yote nlimwambia mjomba tukiwa njiani kurudi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani hiyo gesi kilo yake wanauza shilingi ngapi?" Nkamwambia gesi haipimwi kwa kilo mjomba. "Haya, kwa chochote wanachopimia, ngapi?"

Nkamwambia sijui.

"Na we si ndo umesoma," akasema, akaniachia baiskeli niisukume mimi.