Pono, Ng'amba na Shimo la Bomu

Mwezi Novemba mwaka 2012, pepo za kusi zikiwa zimekwisha na kaskazi haijashika, nilizama kwa mara ya kwanza nikiwa na mtungi wa hewa mgongoni, katika Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara, upande wa Msimbati. Nilikulia Mikindani katika ukoo wa wavuvi, na samaki wa mwambani niliwajua kwa majina na kwa ladha kabla sijajua kusoma. Lakini niliwajua wakiwa wamekwisha kutiwa tengani, rangi zao zimefifia.

Tulishuka kwa kufuata kamba ya nanga, mwalimu akinikumbusha kwa ishara kubana pua na kusukuma hewa masikioni, kwa kuwa kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo ulio sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Rangi nyekundu ndiyo iliyotangulia kupotea, hata mkanda wangu ukaonekana wa kijivu.

Kilichoniteka zaidi kilikuwa sauti. Mwamba wote ulikuwa ukitatarika, na ndani ya mtatariko huo nilisikia mtafuno mzito nisijue unatoka wapi, maana majini sauti husafiri kwa kasi inayozidi mara 4 ile ya hewani, na sikio la binadamu hushindwa kutambua itokako. Walikuwa pono. Walikwangua matumbawe kwa midomo yao migumu, na mara kwa mara mmoja wao aliacha nyuma yake wingu jeupe la mchanga, mchanga ule ule tunaoukanyaga ufukweni bila kujua kwamba sehemu yake imepita tumboni mwa samaki. Kando yao kasa aina ya ng'amba alikuwa akipenyeza mdomo wake mwembamba katika nyufa, aking'oa sponji, viumbe laini vinavyoota mwambani, na kuvila. Alitutazama, kisha akaendelea na chakula chake. Sijapata kuona kiumbe kilichotulia kiasi kile, na niliona uchungu kukumbuka kwamba katika pwani hii jamaa zake waliuawa vizazi na vizazi kwa ajili ya magamba.

Tulipovuka tuta la mwamba, sauti ilikatika. Mbele yetu palikuwa na shimo la bomu la wavuvi haramu, limejaa vipande vya matumbawe vilivyovunjika, hakuna pono wala kikande. Mwalimu alichukua kipande kimoja, akakiachia, na mkondo ukakiviringisha. Nilielewa papo hapo kwa nini mahali pale hapaponi: matumbawe machanga hujishikiza juu ya vifusi hivyo, lakini vifusi vinapoviringika huyasaga kabla hayajakua.

Nahodha wetu, mzee aliyevua kwa mshipi na dema maisha yake yote, alinipokea chomboni.

"Umeona nini huko, mwanangu?"

Nilipomweleza habari za shimo aliuliza lilikuwa upande gani wa tuta, akanyamaza, kisha akasema, "Hapo ndipo tulipokuwa tukipata chewa, baba yako na mimi."

Jioni ile nilikwenda kwa binamu yangu, ambaye aliamini kwamba bomu huua samaki tu na mwamba hubaki salama. Hatukugombana. Nilimwomba akashuke alione shimo lile kwa macho yake, na juma lililofuata mwalimu alishuka naye.