Jiwe Moja la Longido, Vidani Vitatu

Mjomba wangu ni fundi umeme, na mabaki ya nyaya anayotoka nayo katika nyumba za watu huyarundika kwenye kiroba nyuma ya mlango wa stoo, yakisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu apite. Nilipomwomba anigawie vipande vichache vya shaba ili nijifunze kutengeneza vidani na hereni, alinitazama kama mtu aliyeombwa maganda ya ndizi, kisha akanisukumia kiroba kizima kwa mguu. "Chukua, mama," akasema, "ila ukishatajirika usije ukajifanya hunijui." Hivyo ndivyo nilivyoanza, mwanzoni mwa masika ya mwaka jana, nikiwa na plaizi mbili, tupa ndogo, msasa na jiwe moja tu.

Jiwe hilo nililetewa na shemeji yangu anayefanya kazi Longido, kaskazini mwa Arusha, ambako chini ya ardhi kuna mwamba wa kijani wenye madoa ya rubi na mistari myeusi. Kijani hicho ni zoisaiti, yaani madini yale yale ambayo, yakitoka Mererani, kwenye migodi ya mkoa wa Manyara, yakiwa angavu na yakipashwa moto, huitwa tanzanite, kito cha buluu. Kwa hiyo jiwe la Longido na tanzanite ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja huuzwa kwa karati, kipimo cha uzito wa vito, na mwingine mara nyingi huuzwa kama kinyago au tufe la kuweka mezani. Rubi zake kwa kawaida hazipitishi mwanga, na ndiyo maana mtu wa kipato changu anaweza kulimiliki jiwe hilo bila kukopa. Langu lilikuwa limekwisha kusuguliwa likawa na umbo la yai lililobanwa, urefu wa sentimita 3.2 na upana wa sentimita 2.4, lisilo na tundu popote. Jiwe lisilo na tundu haliwezi kutungwa kama ushanga. Ama ulitafutie fremu ya madini iliyounganishwa kwa moto, kazi ambayo ni ya sonara, ama ulifunge kwa waya pande zote hadi lisiweze kutoka, na hii ya pili ndiyo kazi ambayo anayeanza anaweza kuifanyia kwenye meza ya jikoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu, jambo la aibu kwa mtu anayeishi kwa kushika vitabu vya hesabu vya watu wengine. Nilikuwa nimesoma kwamba fremu ya kidani hujengwa kwa waya wenye unene wa milimita 0.8 au 1, na ndani ya kiroba cha mjomba nikaona waya ambao mafundi huuita wa moja nukta tano, nikajiambia kwamba nusu milimita ya ziada haitaua mtu. Sikujua kwamba namba ya fundi umeme si unene bali ni eneo la mkato wa waya kwa milimita za mraba. Waya wa moja nukta tano una unene wa karibu milimita 1.4, na ule wa mbili nukta tano unakaribia milimita 1.8. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini vidole huijua mara moja, kwa sababu ugumu wa waya unapopindwa huongezeka kwa kasi kubwa kuliko unene wake. Wauzaji wa nyaya za mapambo nao wana mtego wao, kwani hupima kwa geji, ambapo namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba: geji 18 ni kama milimita 1, geji 20 ni kama 0.8, na geji 26 ni kama 0.4. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza unene kwa milimita, na muuzaji asiyeujua nampimia mwenyewe.

Kidani cha kwanza, basi, nilikifanya kwa waya mnene kupita kiasi na kwa nguvu kupita kiasi. Kila nilipoupinda waya kuufuata ukingo wa jiwe uliachia kidogo, nami nikaukunjua na kuupinda upya, mara tatu, mara nne, huku meno ya plaizi yakiuachia makovu ambayo hakuna msasa ulioweza kuyafuta. Mara ya tano ulikatika. Nikachukua mwingine, nao ukakatika pale pale kwenye kona. Niliamini kwamba mjomba alinipa shaba mbovu.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja sonara, mwenye kibanda kidogo karibu na ofisi yetu, ambaye kwa kawaida hurekebisha mikufu iliyokatika na kupunguza pete. Nilimwamkia, nikamwonyesha vipande vyangu, akavigusa tu akaniuliza nimevipinda mara ngapi. Alinieleza kwamba shaba, kama ilivyo fedha, huwa laini ikiwa imetulia, lakini kila ikipindwa, ikigongwa au ikivutwa hukakamaa, na mwisho wa kukakamaa ni kukatika. Dawa yake ni moto: waya unapashwa mpaka uwe mwekundu kwa mbali, wekundu ambao unauona tu ukiwa kivulini, kisha unatumbukizwa kwenye maji. Tofauti na chuma cha kisu, ambacho kikizamishwa majini kikiwa chekundu huwa kigumu, shaba hutoka ikiwa laini kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Alifanya hivyo mbele yangu kwa bomba lake la gesi, akanipa ule waya nikaupinda kwa vidole viwili, bila plaizi. Nyumbani niligundua kwamba kwa waya wa milimita 1 mwali wa jiko la gesi unatosha, mradi waya uwe peke yake. Ukishavishwa jiwe, habari ya moto imekwisha.

Alinifundisha pia jambo ambalo sikwenda kulitafuta, kwamba ukakamavu huo si adui wakati wote. Fremu isingekakamaa kidogo, jiwe lingechomoka siku ya kwanza kidani kikivaliwa. Kwa hiyo unaanza na waya laini, unapanga mipindo yako ili kila mmoja ufanyike mara moja tu, na mwisho wa kazi waya wenyewe unakuwa umejikaza pale hasa unapotakiwa kushika. Anayeanza hupinda kwanza akafikiri baadaye, na hapo ndipo waya humaliza ulaini wake kabla kazi haijafika nusu. Nadhani nusu ya vidani vibaya nilivyowahi kuviona, vyangu vikiwamo, chanzo chake ni hicho tu.

Kidani cha pili nitakipitia haraka, maana kilikufa haraka. Nilinunua waya mwembamba kwa mafundi wanaosuka mota, nikifurahia jinsi ulivyong'aa kama asali, nikautia kwenye moto wa jiko ili niulainishe. Jikoni kukajaa moshi mkali wenye harufu ya plastiki inayoungua, na watoto wakatolewa nje. Waya wa mota hupakwa utando wa kuzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine, na huo ndio uliokuwa uking'aa. Haufai kuchomwa ndani ya nyumba. Ukiutumia ulivyo, huchelewa kubadilika rangi, lakini mahali palipopindwa sana utando hupasuka na shaba huanza kuwa nyeusi kwa mabaka.

Cha tatu nilikipima. Nilizungushia jiwe uzi wa kushonea nikapata mzingo wa sentimita 9, nikaongeza sentimita 8 kila upande kwa ajili ya kufungia juu na kutengenezea kitanzi cha kupitishia mkufu, nikakata nyaya tatu za milimita 0.8, kila moja sentimita 25. (Kwenye jaribio la kwanza nilikata sentimita 15 ili kubana matumizi, na sikuwa hata na cha kushika juu.) Nilizilaza sambamba, nikazifunga pamoja kwa waya wa milimita 0.4 mahali patano, mizunguko mitano mitano, iliyobanana bila kupandiana, na ncha zake nikazikatia upande wa ndani ambako haziwezi kukwaruza ngozi wala kunasa kitambaa. Meno ya plaizi nilikuwa nimeyafunika kwa plasta ya kidonda. Mkanda huo wa nyaya tatu niliuzungusha kwenye jiwe, nikazifunga ncha juu, kisha waya wa mbele nikauvuta kidogo uje juu ya uso wa jiwe katika sehemu nne, na wa nyuma nikaufanya vivyo hivyo, wakati ule wa kati ukibaki kwenye ukingo.

Hapo jiwe lilinipa somo lake. Waya wa mbele ulikuwa ukiteleza kila ulipofika upande mmoja, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipofumba macho nikapitisha ncha ya kidole: doa la rubi lilikuwa limeinuka kidogo kuliko kijani kinachoizunguka. Katika kipimo cha ugumu wa madini rubi ina 9 na zoisaiti ina kama 6 na nusu, na kwa hiyo yanaposuguliwa pamoja lile laini huliwa zaidi na lile gumu hubaki na kilima. Nikakihamisha kishikio kikae bondeni, pembeni mwa kilima, na jiwe halikutikisika tena. Kazi nzima ilinichukua saa saba, Jumamosi mbili.

Kwa uzembe wa mtu aliyefaulu mara moja, niliruka hadi kwenye tanzanite. Nilinunua kwa muuzaji mwenye leseni, nikachukua risiti, vipande vidogo vilivyotobolewa, vile visivyo na ubora wa kukatwa. Matundu yake yalikuwa membamba kiasi kwamba hata waya wa milimita 0.6 haukupita, ikabidi nitumie wa 0.4, na kipande kimoja nilipokishika kwa plaizi ili nivute waya kikapasuka vipande viwili vilivyonyooka kama kuni ya mti usio na vifundo. Tanzanite ina upande mmoja wa kupasukia, na ikibanwa au ikipata badiliko la ghafla la joto hufuata upande huo. Siku hizi vito hivyo nashika kwa vidole tu, na plaizi hugusa waya peke yake. Kulabu za hereni hizo sikuthubutu kuzifanya kwa shaba, kwani tundu la sikio halina subira. Mzee sonara aliyeyusha pete yangu ya zamani ya fedha, akaivuta kupitia matundu ya bamba la chuma, kubwa kwanza kisha dogo na dogo zaidi, mpaka ikawa waya wa milimita 0.8. Nililipia kazi hiyo bila kulalamika.

Bangili ya kwanza ya shaba nilimpa mama mdogo. Baada ya wiki moja alinipigia simu akiwa na wasiwasi kwamba mkono umekuwa wa kijani na jirani anasema ni sumu. Nilimweleza kwamba jasho na shaba hutengeneza chumvi za rangi hiyo, kwamba huoshwa kwa sabuni zikatoka, na kwamba bangili yenyewe akiisugua kwa limau na chumvi kisha akaisuuza na kuikausha itarudi kung'aa, ila asije akafanya hivyo kwa hereni zake za lulu, kwa maana limau hula lulu. Alisikiliza mpaka mwisho. Siku niliyokwenda kumsalimia nilimkuta ameivaa juu ya mkono mrefu wa sweta, na ameshaniwekea mezani bangili nyingine, ya shangazi yake, iliyokatika, akitaka kujua kama naweza kuiunga. Siwezi, bado. Nimeichukua hata hivyo, nikaifunga ndani ya leso, na Jumatatu nitapita nayo kwa mzee.