Nilivyotoka Chuoni Moshi na Kuanzia Kazi Kwenye Kikundi cha Mama

Nilipomaliza mtihani wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ushauri ulinijia kutoka kila upande, na karibu wote ulikuwa mmoja: panda basi uende Dar es Salaam, ukae kwa baba mdogo, usubiri tangazo la ajira. Wengine waliongeza kwamba msichana mwenye shahada ya uhasibu hapaswi kuonekana akishika kazi ndogo kijijini, kwa kuwa akishajishusha hapandi tena. Ushauri huo uliniudhi wakati ule na unaniudhi hata leo, kwa sababu nimewaona wenzangu walionizidi akili wakimaliza mwaka mzima sebuleni kwa ndugu, wakilea watoto wa wenyeji wao, huku ujuzi walioulipia kwa mkopo ukichakaa.

Mimi sikuidharau ajira ya serikali. Maombi yangu yapo kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na bado naomba kila nafasi inayonifaa. Nilichokataa ni kukaa bure nikiisubiri. Chuo chetu kilianza mwaka 1963 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014, katika mkoa wa Kilimanjaro, ambao wakulima wake wa kahawa walikuwa na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, tangu mwaka 1933. Kuanzia Machame hadi Rombo huwezi kupita kata bila kukuta chama cha msingi cha ushirika, SACCOS au kikundi cha kina mama wanaoweka na kukopa, na kila kimoja kina daftari linalomsumbua mtu. Sikuona kwa nini niyape kisogo madaftari hayo.

Kulikuwa pia na deni la Bodi ya Mikopo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na mhitimu hupewa miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha. Wengi huichukulia miezi hiyo kama likizo. Mimi niliichukulia kama muda wa kujijengea kipato, kwa kuwa deni halijali kama umepata barua ya ajira au hujapata. Nikarudi Kibosho, nyumbani kwetu.

Mama ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa ambacho huvunja mzunguko kila Desemba, yaani wanachama hugawana akiba na faida yao, kabla ndugu walioko mbali hawajapanda kuja kula Krismasi. Mwaka ule kikundi kilikuwa karibu kuvunjika chenyewe. Hesabu za katibu zilionyesha kwamba mfuko wa hisa umepungua laki tatu na ushee, na minong'ono yote ilikuwa imemwelekea mweka hazina, mama mtu mzima ambaye hata kanisani alikuwa ameanza kukaa nyuma. Niliomba kuyapitia madaftari bila malipo. Nilipoingiza tarakimu kwenye kompyuta na kuwaletea karatasi iliyochapwa vizuri, hakuna aliyeiamini. Mama mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine yako haikuwepo tulipokuwa tunanunua hisa." Alikuwa na haki kabisa, na maneno yake ndiyo yaliyonifungua macho.

Kila mwanachama ana kijitabu chake, na kila hisa anayonunua hugongewa muhuri humo. Basi katika mkutano uliofuata niliwaomba wabadilishane vijitabu, kila mmoja ahesabu mihuri ya jirani yake kwa sauti, na mwenye kijitabu asikilize. Hapo hakuna anayeweza kujiongezea, wala hakuna atakayekubali kupunguziwa. Tulijumlisha hisa zote mbele ya macho yao, tukazidisha kwa bei ya hisa, shilingi 2,000, tukaongeza riba na faini zilizokwisha kulipwa. Kiasi hicho kilipaswa kulingana na fedha taslimu za mfuko wa hisa pamoja na mikopo ambayo haijarudi. Upungufu ukabaki palepale, lakini sasa kila mtu aliuona kwa macho yake na hakuna aliyesema umetoka kwenye mashine.

Ndipo nilipowaomba wafungue mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, ambao hutunzwa kwenye sanduku hilohilo lenye kufuli tatu. Ulikuwa na fedha nyingi kuliko ilivyoandikwa, na ziada yake ilikuwa ileile laki tatu na ushee. Nilikwishasoma mihtasari ya vikao vya mwaka mzima, kwa hiyo nilianza kutaja misiba mmoja baada ya mwingine: rambirambi ya nyumba hii, jeneza la nyumba ile. Katika daftari, fedha hizo zote ziliandikwa kuwa zimetolewa mfuko wa jamii, ila kwa haraka ya msiba mkono ulikuwa ukichukua mfuko wa hisa uliolala juu. Hakuna shilingi iliyoibwa. Mweka hazina alisimama, akanishika mikono yote miwili, na mkutano ukapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika hadi barabarani. Sijawahi kuona fahari ya namna ile, hata siku ya mahafali nilipovaa joho.

Kuanzia hapo sikuhitaji kujitangaza. Vikundi vya jirani viliniita, vingine vikitaka madaftari yasafishwe kabla ya kugawana, vingine vikitaka kusajiliwa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka katika daraja la nne, la vikundi vya kijamii, na kuvitaka visajiliwe. Malipo yalitofautiana, kuanzia mkungu wa ndizi na nauli hadi elfu hamsini au zaidi kwa kazi ya siku chache. Baadaye chama kimoja cha msingi cha kahawa kiliniita nikiandalie vitabu kabla ya wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, kufika, na sasa nafanya kazi hapo kwa mkataba. Mkataba huo niliuomba kwa maandishi tangu siku ya kwanza, kwani watu wanaokupenda ndio wepesi wa kusahau mlichokubaliana.

Jambo moja liliniuma, nalo sikuwa nimeonywa na yeyote: ukimya. Chuoni kuna ratiba, kuna wa kumuuliza, kuna wa kubishana naye usiku wa manane juu ya swali la kodi. Nikiwa nyumbani nilijikuta sina wa kunikosoa. Nilimpigia mwalimu wangu aliyenisimamia wakati wa mazoezi kwa vitendo, akakubali kuzipitia hesabu ngumu, na hadi sasa namtumia hesabu hizo azikague.

Kwa wanaomaliza mwaka huu, nendeni kwenye vikundi vya mama na shangazi zenu kabla ya Novemba kwisha. Ikishafika Desemba katibu huwa ana shughuli nyingi, na hatakuwa na muda wa kumwonyesha mgeni daftari.