Panya wa mchana pale Horombo

Mnaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mkifika Horombo (mita 3,720) msikimbilie kulala. Kaeni juani, mtazame chini.

Nimekaa na kikombe changu cha chai, mara panya wadogo wenye mistari minne myeusi mgongoni wanapita karibu kabisa na viatu. Mchana kweupe! Kumbe hawa, Rhabdomys kwa jina la kitaalamu, hutafuta chakula kukiwa na mwanga, hasa asubuhi na alasiri. Usiku wa baridi kali hujibanza kwenye viota vya nyasi. Hawapendi uwanja wazi, maana juu kuna mwewe. Hukimbia kichaka hadi kichaka. Jike hubeba mimba siku 25 hivi tu, kwa hiyo msishangae wingi wao.

Chakula chao ni mbegu, majani na wadudu. Jamaa mmoja kawamwagia biskuti, kiongozi wetu akamkemea mbele ya kundi zima. Mimi nilikuwa upande wa kiongozi. Wanyama wa hifadhini hawalishwi, jamani, hata wakiwa wazuri namna ile.