Mtoto akishikwa, anza na umri

Mwanao akikamatwa hapa Uganda, pigania umri wake kwanza. Kituoni wakiandika 18 badala ya 16, ataishia gereza la wakubwa, na kumtoa huko ni shughuli. Tafuta kadi ya chanjo, hata kama imekunjika na wino umefifia. Nakala mpe afisa wa ustawi wa jamii, halisi ubaki nayo. Polisi wana saa 24 tu za kumfikisha mahakamani.

Kukaa mahabusu ya watoto, kama Naguru, akisubiri kesi kuna kikomo kisheria, nacho ni kirefu zaidi kwa kosa la adhabu ya kifo. Hesabu siku mwenyewe, maana faili husahaulika. Siku ya kumtembelea peleka sabuni, malapa na daftari. Waliokwisha kuhukumiwa hupelekwa kituo cha urekebishaji cha Kampiringisa, wilayani Mpigi.